Hotuba ya Kuupaka Chokaa Ukuta wa Kliniki kwa Heshima ya Mabingwa Waliojichora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye majukumu mazito yamemzuia kufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani na simu yake haipatikani. Kiti cha Mgeni Rasmi, kile chenye kitambaa, ambacho naomba kwa unyenyekevu asikikalie mtu hata kama anasikia kizunguzungu. Sista Mkuu wa kliniki hii, mwenyeji wetu na mvumilivu wetu. Wajumbe wenzangu wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuinua Umakini wa Umma katika Sanaa za Kutazamwa, ambayo mimi ni Mwenyekiti wake. Mabibi na mabwana mlioketi kwenye mabenchi haya kwa ajili ya hafla. Nanyi mlioketi kwenye mabenchi hayo hayo kwa ajili ya presha, sukari na kubadilishiwa bandeji, ambao Kamati inawahesabu kwa heshima ileile na katika safu ileile ya takwimu: nawasalimu nyote, mmoja mmoja na kwa ujumla, waliokaa, waliosimama, na yule mzee wa pembeni aliyelala, ambaye naomba asiamshwe, kwa kuwa usingizi wake ni ishara ya imani aliyo nayo kwa uongozi. (Makofi kutoka safu ya Kamati. Mzee wa pembeni anaamka.)

Sitatumia ile njia ya mkato ya kusema kwamba itifaki imezingatiwa. Nilisomeshwa na walimu wa misheni, watu waliotufundisha kwamba asiyesalimiwa ametukanwa, na kwamba aliyechelewa huomba radhi kabla hajavuta kiti. Kwa hiyo naomba radhi kwa kuchelewa. Nilitakiwa kuwa hapa asubuhi, nanyi mlikuwa hapa asubuhi, jambo linaloonyesha bila ubishi ni nani kati yetu mwenye nidhamu. Sababu ya kuchelewa kwangu ni kwamba nilikuwa ofisini nikiandika aya hii ya kuomba radhi kwa kuchelewa, na kila nilipoitazama saa niliona aya haitoshi, nikaiongeza. (Kicheko. Sauti: "Baba, sisi wa vidonge tuingie, au tusubiri hotuba?" Sista Mkuu anaonyesha kwa kiganja: wasubiri.)

Mabibi na mabwana, tumekutana kwa jambo moja, nalo ni kuzindua rasmi upakaji wa chokaa katika nusu iliyobaki ya ukuta huu ulio nyuma yangu, ili upate kustahili kupokea picha za wachoraji mashuhuri wa dunia waliojichora wenyewe. Nusu ya kwanza, kama mnavyoiona, imekwisha kupakwa, na ni nyeupe kama dhamiri ya Kamati. Nusu ya pili bado ina zile nyuso zenu.

Kwa faida ya wageni, nieleze nyuso hizo zilifikaje hapa. Wakati fulani ukuta huu ulikuwa na unyevu, rangi ikibambuka vipande vipande na kuwaangukia wagonjwa mabegani, na Sista Mkuu, kwa nia njema isiyokuwa na mpango mkakati, alimwita mama mmoja anayeandika mabango ya maduka, ambaye ninyi mnamwita Bi Rangi na ambaye namwona pale mlangoni, akamwambia afanye lolote. Bi Rangi akafanya lolote. Alichora benchi ukutani, na juu ya benchi hilo akawachora watu waliokuwa wameketi kwenye benchi halisi lililo mbele yake, siku baada ya siku, kama walivyokuwa: mmoja anapiga miayo, mmoja anamkuna mtoto mgongo, mmoja anasoma karatasi ya vipimo aliyoishika juu chini. Hakuomba kibali. Hakufanya upembuzi yakinifu. Hakuwashirikisha wadau, isipokuwa kwa kuwachora. Hakuwa na vizheni wala rodimapu. Alikuwa na brashi. (Sauti kutoka mlangoni: "Mbili, Mzee." Kicheko.) Mbili. Nimesahihishwa, nami napokea.

Kamati yangu ilipopata taarifa za ukuta huu, ilifanya utafiti wa kina. Niliuongoza mimi mwenyewe, kwa kukaa garini hapo nje huku karani akikaa humu ndani. Matokeo yalitushtua. Asilimia tisini na moja ya waliopita mbele ya ukuta walisimama. Asilimia sabini walinyoosha kidole. Asilimia arobaini walisema, "Huyu si yule wa kwenye kona, mwenye cherehani?", na waliobaki wakajibu, "Ndiye, pua ileile." Mabibi na mabwana, jambo hilo kitaalamu linaitwa umakini holela. Ni kama ujenzi holela: mtu anajichagulia mwenyewe pa kuweka macho yake, bila ramani, bila kipimo, bila kuuliza ofisi, kesho yake jirani naye anayaweka ya kwake hapo hapo, na mnapozinduka, mtaa mzima unamtazama mshona nguo. Umakini ni rasilimali ya taifa. Kila mwananchi amegawiwa macho mawili tu, na kuna ambao, kama mnavyojua ninyi mnaosubiri chumba cha mwisho, kile cha macho, wamegawiwa pungufu. Je, tuyaache macho hayo yateketee kwa kazi ya mtu ambaye hata yeye mwenyewe anajua kwamba hajulikani? (Mtoto anakohoa. Safu ya Kamati inapiga makofi ikidhani hoja imekwisha.)

Hapo ndipo ulipozaliwa Mradi wa Waliojichora. Kamati ndogo ya tafsiri iliketi katika semina, kwenye hoteli yenye utulivu na mito laini, ikatoka na tafsiri ambayo najivunia kwa kuwa niliitoa mimi: mchoraji mashuhuri ni mchoraji anayesifiwa na watu ambao hawajaiona picha yake. Na katika kazi zote za mchoraji wa namna hiyo, iliyo kuu ni ile aliyojichora mwenyewe, maana hapo umaarufu huwa umekunjwa mara mbili: aliyechora ni mashuhuri na aliyechorwa ni mashuhuri. Sasa Bi Rangi akimchora mshona nguo tunapata nini? Asiyejulikana amemchora asiyejulikana, na sifuri ukiizidisha kwa sifuri, hata walimu wangu wa misheni, ambao walikuwa na fimbo, hawakuwahi kupata zaidi ya sifuri. (Makofi kutoka safu ya Kamati. Mshona nguo, benchi la pili, anamuuliza jirani yake: "Ni mimi ninayesemwa?" Jirani: "Tulia, umetajwa mara mbili. Umeshakuwa mashuhuri.")

Maandiko yenyewe yanasema kwamba aliye nacho ataongezewa. Najua maandiko hayo yanaendelea, lakini muda hauturuhusu. Umakini nao uende kule ambako umakini tayari upo, kama wateja wanavyoingia duka lenye watu na kulipita lile ambalo mwenyewe amekaa peke yake akipepea nzi. Isitoshe, kujichora si kazi ya mchezo. Fikirieni mtu anayekaa mbele ya kioo miezi na miezi, uji umepoa, mkewe anamwita na haitiki, akijitazama paji la uso, akijitazama mashavu, akijitazama tena paji la uso iwapo limebadilika. Huyo ametafiti. Nami si mgeni wa fani hiyo, kwani hujitazama kila asubuhi ninyoapo ndevu, na sijawahi kuondoka kiooni bila jambo jipya la kupongeza. Naambiwa pia kwamba baadhi ya mabingwa hao walijichora katika uzee wao, mashavu yameshuka, macho yamechoka, bila kujionea huruma hata kidogo, na kwamba mtu akisimama mbele ya uso kama huo anajisikia ametazamwa yeye. Mimi sijabahatika kuziona picha hizo. Lakini nimeona jalada la kitabu.

(Mkono unanyooshwa mlangoni. Bi Rangi: "Mzee, samahani, naomba kuuliza.") Uliza, mama, ingawa ratiba imeweka maswali baada ya vinywaji, na vinywaji havikupatikana. ("Huyo bwana, wakati anajichora, alikuwa ameshakuwa mashuhuri?") Swali zuri. Wakati anajichora. Naam. Umashuhuri, mama, ni mchakato. ("Nauliza tu. Maana nasikia wengi wao walijichora kwa sababu hawakupata mtu wa kukaa wamchore. Kioo hakichoki, wala hakisemi kimechemsha maharage nyumbani.") Unataka kuiambia hadhara hii kwamba picha ile ya bingwa ilichorwa na mtu asiyejulikana? ("Mimi sisemi. Nahesabu tu. Kama hakuwa anajulikana siku hiyo, basi siku hiyo alikuwa kama mimi.") (Minong'ono. Sauti ya mwanamke: "Ila yeye hakupakwa chokaa.") Suala hilo, mabibi na mabwana, ni zito, na kwa uzito wake nalipeleka kwenye kamati ndogo, ambako litapata mapumziko linayostahili.

Niende kwenye mafanikio, maana hotuba bila mafanikio ni mazungumzo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni haji nyumba ikiwa haijafagiwa. Kwa busara hiyo, Kamati iliamua kutanguliza maandalizi. Misumari imekwisha kupigwa katika nusu nyeupe, kwa urefu wa macho ya mjumbe mrefu kuliko wote, ili heshima isipungue. Vibao vya maelezo vimekwisha kuandikwa na kubandikwa, na mnaweza kuvisoma: hiki kinasema "Bingwa Akijitazama", hiki "Bingwa Akijitazama Tena", na kile cha mwisho, kwa kuwa hatukujua kitakuja nini, kinasema "Bingwa, Upande". Fremu zimechongwa na seremala wetu kwa kukadiria, kwa hoja kwamba uso wa binadamu hauwezi kuwa mkubwa kupita kiasi, hata ukiwa mashuhuri. Na tumeajiri Mlinzi wa Picha, yule pale kwenye kiti, ambaye tangu chokaa ikauke hajabanduka chini ya misumari hiyo. Simama, kijana, wakuone. (Mlinzi, mtu wa makamo, anasimama. Sauti: "Huyu jana alinikataza kuegemea." Mlinzi: "Ungechafua picha." Sauti: "Picha ipi, kaka?" Mlinzi: "Ndiyo maana haijachafuka.") Mnasikia wenyewe. Katika kipindi chote hicho hakuna picha hata moja iliyoibwa. Kiwango cha wizi ni sifuri. Majumba ya sanaa yenye majina makubwa hayawezi kujisifu hivyo. Na wageni waliozuru mradi kila siku ni wengi kiasi kwamba karani anaishiwa wino, ingawa nakiri kwamba baadhi yao hudhani wamekuja kuchomwa sindano. (Makofi. Sista Mkuu anaitazama saa ya ukutani, kisha anamtazama Mheshimiwa.)

Nakuja, Sista, nakuja. Kabla ya kushika brashi, naomba niseme neno juu ya kasoro za kitaalamu za kazi hii tunayoifuta, isije ikasemwa kwamba Kamati ilionea mtu. Tazameni wenyewe. Huyu wa kwanza hana masikio. Huyu wa pili ana jicho moja, na la pili limeanzishwa tu. Kijana huyu amepewa shati na hakupewa shingo. Halafu, bila uwiano wowote, hawa wengine wamechorwa hadi kucha, hadi vifungo, hadi jasho la juu ya mdomo. Je, huo ni usanii? Huo ni ukosefu wa usimamizi. (Sauti kutoka benchi la mbele: "Shemeji, huyo asiye na masikio aliitwa mapema.") Samahani? ("Aliitwa dirishani. Bi Rangi anamchora mtu akiwa anasubiri. Mtu akiitwa, brashi inawekwa chini. Hamalizii kwa kubuni.")

Anayesema, kwa faida ya wajumbe, ni mdogo wake marehemu mke wangu, shemeji yangu halisi, ambaye yuko hapa kwa ajili ya presha, na ambaye presha hiyo, daktari amenihakikishia, haikusababishwa na mimi. (Shemeji: "Hakukuhakikishia. Ulimkatiza." Kicheko kirefu, hata safu ya Kamati inacheka, kisha inaacha.) Ahsante, shemeji. Kwa hiyo, kama nimekuelewa sawasawa, mtu asiye na masikio ni mtu aliyehudumiwa upesi. ("Ndiyo.") Na mwenye kucha na vifungo ni mtu aliyekaa. ("Aliyekaa sana.") Basi ukuta huu wote ni ripoti ya utendaji wa kliniki, iliyowekwa hadharani, mahali ambapo hata asiyejua kusoma anaisoma. (Sista Mkuu anaangalia viatu vyake.) Mabibi na mabwana, mmeona wenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya kuufuta.

Naomba brashi. Ahsante. Naomba ndoo isogezwe, na kigoda. Mjumbe, shika kigoda, mimi si mwepesi kama nilivyo katika picha ya kalenda ya Kamati. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa niaba ya Mgeni Rasmi na kiti chake, ninaweka sasa brashi ya kwanza ya uzinduzi hapa mwishoni mwa benchi, juu ya huyu mama mwenye mkoba magotini, ambaye.

(Hotuba inasimama. Chokaa inadondoka kutoka kwenye brashi hadi kwenye kiatu cha Mheshimiwa.)

(Shemeji, kwa sauti ya chini: "Hukuwahi kusogea karibu.") Utafiti niliuongoza nikiwa garini, shemeji. Nimekwisha kulieleza hilo. ("Na siku ile ya kliniki?") Siku ile nilikuwa nafungua semina. Jambo hilo si la kujadiliwa mbele ya hadhara. ("Mimi sijadili. Nakuuliza tu kama unamwona dada.")

Namwona.

Mabibi na mabwana, niruhusuni nisome kilichopo hapa, kwa kumbukumbu za kikao. Mkoba una mshono wa pembeni uliofumuka ukashonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine. Kisigino cha mguu wa kulia kimetolewa nje ya kiatu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya chini ya meza, chini ya benchi la kanisani, chini ya viti vya hafla zangu zote, akidhani hakuna anayemwona, na kweli hakuna aliyemwona, isipokuwa naona kuna mtu alimwona. Masikio yapo yote mawili. Hereni zipo. Kovu la chanjo lipo mkononi. Kucha zipo kumi. Bi Rangi, huyu umemmaliza. (Bi Rangi: "Alikaa sana, Mzee.") Alikaa sana. ("Tulizungumza. Nikamwambia gauni hili nitaliongezea rangi kidogo, akasema niliache, limepauka kweli.") Angesema hivyo. ("Akaniuliza kama nitamchora na mumewe pembeni. Nikamwambia mimi nachora aliyepo.") (Mtu anacheka, anagundua kwamba anacheka peke yake, anaacha.)

Nyumbani kwangu, waheshimiwa, ukuta wa sebuleni umejaa picha. Nipo nikipokea cheti, nipo nikikabidhi cheti, nipo nikikata utepe, nipo nikikabidhi mkasi. Marehemu naye yumo. Katika moja yumo nusu, nyuma ya bega langu. Katika nyingine anafichwa na shada la maua. Na katika ile kubwa, ya kuapishwa, ni mkono wake tu, umenishikia kofia. Nilikuwa sijawahi kuiona hii hali kuwa ni pengo katika utekelezaji. (Mheshimiwa anatafuta miwani yake katika mifuko yote miwili. Ameivaa. Mjumbe anayeshika kigoda: "Mheshimiwa, chokaa inakauka.")

Iache ikauke.

Nashuka. Nisaidieni. Ahsante. Mabibi na mabwana, naomba niwataarifu kwamba Mwenyekiti, katika ukaguzi wa papo hapo ambao mmeushuhudia kwa macho yenu, amebaini changamoto ya kitaalamu. Chokaa mbichi hutoa unyevu, na unyevu huo, kwa mujibu wa mwongozo ambao nitauandika kesho, unaweza kuzidhuru picha za mabingwa zikitundikwa kabla ukuta haujatulia. Kwa sababu hiyo, naelekeza kwamba hakuna chokaa itakayopakwa katika nusu hii mpaka picha zote ziwe zimewasili, zimepokelewa, zimesainiwa, zimepimwa, na zimeachwa muda wa kutosha kuzoea hali ya hewa na tabia zetu. (Mjumbe: "Lakini Mheshimiwa, si nusu ile tulishaipaka?") Nusu ile, mjumbe, ni dosari ya kipindi cha mpito. ("Uliipaka wewe, Mheshimiwa. Tulikupigia makofi.") Nanyi dosari yenu ni makofi. Dosari ya kipindi cha mpito hutibiwa kwa kishika nafasi. Ukuta wa umma haukai mtupu. Naelekeza kwamba Bi Rangi arudi na brashi zake, zote mbili, aendelee kuchora watu katika nusu ile nyeupe, kwa utaratibu wake uleule, kama vishika nafasi vya mabingwa, mpaka mabingwa watakapofika. Vibao vibaki kama vilivyo; atakayeketi chini ya "Bingwa, Upande" ageuke kidogo. Mlinzi aendelee kulinda, ila watu wakiegemea awaache, maana wanaumwa. Na kwako, Sista Mkuu, nina ombi moja, nalo si agizo: katika awamu hii, jitahidi tupate wengi wasio na masikio. (Makofi, safari hii kutoka mabenchi. Sista Mkuu anaitikia kwa kichwa, kisha anaingia ndani, na dirisha la vidonge linafunguliwa. Watu kadhaa wanasimama.)

Kaeni, kaeni, bado kaulimbiu. Hapana, wa vidonge nendeni. Waliobaki, nitakaposema "Umakini", mtajibu "Kwa anayestahili". Umakini. (Wachache: "Kwa anayestahili." Shemeji: "Anastahili nani?") Kaulimbiu haiulizwi maswali, shemeji. Umakini. ("Kwa aliyekaa.") Siyo hivyo ilivyochapishwa kwenye fulana. (Mabenchi yote: "Kwa aliyekaa.") Basi. Fulana zitarudiwa.

Imebaki shukrani, nami sipendi kumsahau mtu. Nawashukuru wajumbe wa Kamati kwa kukubaliana nami kabla sijasema na baada ya kubadili nilichosema. Namshukuru seremala kwa fremu, ambazo naambiwa zinafaa pia kwa madirisha. Nawashukuru kwa namna ya pekee wakuu wa majumba makubwa ya picha ya huko ng'ambo, wenye hazina hizo za mabingwa waliojichora, kwa utulivu mkubwa waliouonyesha katika mradi huu wote: hawajatuwekea sharti lolote, hawajatulaumu kwa lolote, wala hawajatukatalia hata picha moja, na hawajatukatalia kwa sababu hatujawaomba. Naishukuru bajeti ya mradi, ambayo haikufujwa hata kidogo, kwa kuwa haikuwahi kutengwa. Na nawashukuru ninyi kwa kuuamini Mradi wa Waliojichora, ambao kwa ukamilifu wake ni hivi vibao, hii misumari, na yule kijana kwenye kiti.

Barua ya kuomba picha, hata hivyo, itaandikwa. Mimi si mtu wa kuahidi asitimize. Nitaiandika kwa mkono wangu, na itachukua muda, kwa kuwa nitaianza kwa salamu kamili, na siwezi kumwomba mtu nisiyemjua aniazime uso wake kabla sijamuuliza hali ya nyumbani kwake. Posta iko hapo ng'ambo ya barabara, lakini ofisi yangu haina tarishi, nami miguu yangu mmeiona. Kwa hiyo barua itapelekwa na Bi Rangi, ambaye peke yake kati yetu anaonekana kujua picha hizo zilichorwaje. (Bi Rangi, tayari amepiga goti mbele ya ukuta mweupe, anachora benchi: "Ni ya haraka, Mzee?") Hapana, mama. Utaipeleka siku utakayokosa mtu wa kumchora.